Mnana wamesusa mtama wangu, kulikoni? Wa Malindi na Lamu njooni hapa

#1 Mtama_Mweupe (Malindi, Barani)
Salaam wakuu. Swali langu ni kwa wale wanaowawekea ndege chakula uani. Mimi nina kibao nimekining'iniza kwenye mwarobaini, mkabala na dirisha la jikoni. Kila nikitoka kuswali alfajiri naweka mtama mweupe na chenga za mchele, na papai likiwepo nakata kipande. Kaskazi yote mnana, hawa ndege wasuka viota, walijaa hapo, manjano tupu, wakisukumana. Tetere waliokota chini yaliyomwagika, shorewanda wakaja kwa papai.

Masika yalipoingia tu, mnana wakakatika. Tetere wapo, shorewanda wapo, kunguru ndio wameongezeka. Chakula ni kilekile, mti ni uleule. Dai langu: kunguru wamewafukuza. Mke wangu anashikilia kuwa ni paka wa jirani. Kwenu hali ikoje?

#2 Dereva_wa_Maweni
Kunguru tu, usitafute mwingine. Hapa kwetu wanabeba vifaranga mchana kweupe, mama amekaa barazani anawaona. Sembuse mnana? Nasikia waliletwa na meli kubwa zinazotia nanga Mombasa miaka hii ya karibuni, wakashuka na kuzaana.

#3 Mama_Nyasi (Gede)
Mtama_Mweupe, kabla hujamhukumu kunguru toka nje ya ukuta utazame nyasi. Mvua ikishakaa wiki chache nyasi zinatoa mbegu changa, laini, zenye maziwa ndani. Mtama wako mkavu utashindana nazo kweli?

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mnana mzima anakula mbegu, lakini makinda yake anayalisha wadudu. Na hakuna masika yasiyo mbu, wala yasiyo viwavi na panzi. Nyuma ya nyumba yangu kuna mnazi mfupi wenye viota. Juzi nilimtazama jike mmoja karibu kabisa: amebana kiwavi cha kijani mdomoni, akakigongagonga kwenye ubua wa kuti mpaka kikalegea, akaruka chini ya kiota na kuingia kwa kupanda juu, maana mlango wa kiota umeelekea ardhini. Akatoka mdomo mtupu, mbio kutafuta kingine. Ndege wa namna hiyo hana nafasi ya kukaa kibaoni kwako.

#4 Mtama_Mweupe
Shukrani Mama_Nyasi. Lakini masika ya mwaka jana walikuja, tena na mvua ilikuwa kubwa kuliko hii. Hapo ndipo ninapokwama.

#5 Jicho_la_Mida (Watamu)
Mkuu, una hakika waliokuja kaskazi na waliokuja mwaka jana ni ndege hao hao? Pwani yetu ina ndege wa manjano wa aina kadhaa na kwa mbali wote ni mamoja. Tazama macho. Mnana wa minazi dume ana kichwa cha rangi ya chungwa na jicho jeusi. Yuko wa pili wa dhahabu, huyo jicho lake limepauka kwenye wekundu. Na yuko kwera mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu la kuwaka. Majike ndiyo hutatanisha hasa, yanakwenda rangi ya majani makavu.

Kila aina ina msimu wake wa kujenga na mahali pake pa kujenga. Ukisema "mnana wamepotea" huenda aina moja imehamia kwenye viota na nyingine haikuwa nyingi tangu mwanzo. Tuwekee picha.

#6 Mtama_Mweupe
Nimezitazama picha za simu za mwezi wa pili. Wengi jicho jeusi, kichwa rangi ya chungwa. Wawili wana kichwa cheusi. Ile ya tatu ina giza.

#7 Jicho_la_Mida
Basi wengi ni wa minazi. Swali la pili: karibu nawe kuna mnazi umekatwa?

#8 Mtama_Mweupe
Hilo umenigusa. Kiwanja cha nyuma kimeuzwa na minazi minne imeangushwa ili kujenga nyumba za kupangisha. Viota vilikuwamo, vikaanguka navyo.

#9 Mama_Nyasi
Inna lillahi. Sasa tunatafuta nini tena?

#10 Dereva_wa_Maweni
Mnasahau kunguru! Hata minazi isingekatwa, kunguru angekula mayai.

#11 Maalim_wa_Ndege (Malindi)
Dereva, kwanza tuweke historia sawa. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu ni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili asafishe taka za mji, akaenea mwambao wote. Mombasa ameshaonekana tangu miaka ya 1940. Meli zilimsaidia kusafiri, hilo kweli, lakini si mgeni wa jana.

Pili, msimchanganye na kunguru wetu wa asili mwenye kifua cheupe kama fulana. Huyo ni mwenyeji, na huyo wa Kihindi anamsonga yeye pia. Mwaka 2024 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, walitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru wa Kihindi milioni 1 kwa sumu maalumu, watu wa hoteli wakihusishwa kwa sababu ndio wanaoibiwa chakula mezani. Sumu yenyewe ni ya polepole, kunguru anaila asubuhi na kufa baada ya saa 10 au 12. Si kitu cha kununua dukani mkaweka uani, iachieni wenye kibali.

#12 Dereva_wa_Maweni
Ahsante maalim, nimeipata. Na mtego je?

#13 Maalim_wa_Ndege
Mtego unafaa siku za mwanzo. Wakimwona mwenzao amenasa hawakaribii tena. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na hawa ni waoga wenye akili. Kinachowavuta ni taka. Ukiwa na pipa lisilo na kifuniko jikoni, hata ungewafukuza kutwa watarudi.

#14 Nahodha_Shela (Lamu)
Salaam kutoka Amu. Wenzetu wa Malindi mna nyua na miti, sisi mjini ni kuta na vichochoro. Hapa mgeni wa kila siku ni shomoro, na tetere juu ya dari. Mnana ukiwataka uende mashambani, kule Kipungani au upande wa Matondoni, ambako minazi ipo.

Ila mimi naungana na mke wa Mtama_Mweupe. Paka. Nyinyi hamuwajui paka. Njooni Amu muwaone wamejipanga bandarini samaki wakishushwa.

#15 Bint_Mkomani (Lamu)
Nahodha, waache paka wetu. Hao wa bandarini wameshiba samaki, ndege atamtaka wa nini?

#16 Nahodha_Shela
Paka aliyeshiba ndiye anayewinda kwa raha, dada yangu. Yule mwenye njaa anakwenda jalalani. Kwetu paka wa mamangu ana bakuli lake la dagaa na bado kila siku manyoya mlangoni.

#17 Bint_Mkomani
Haya, hapo sina la kukupinga. Lakini sikieni nilivyofanya. Nyumba yetu ni ya mawe, ua uko katikati. Nimetoboa kifuu cha nazi matundu matatu, nikakifunga kamba ya mnazi na kukining'iniza kwenye boriti, juu ya kimo cha mtu na mbali na ukuta. Paka anakaa chini akitazama, hana pa kurukia. Na chini ya kifuu nimefagia, hakuna sufuria wala gunia la kujificha nyuma yake. Tatizo ni tetere. Wao wanakula chini na hawasikii.

Ndani naweka chenga na machicha ya nazi. Machicha ndiyo wanayoyagombania.

#18 Duka_la_Nafaka (Malindi)
Kuna mtu aliwahi kuniambia dukani kwamba mchele mbichi humpasua ndege tumbo ukivimba. Ndiyo maana nimeacha kuwauzia watu chenga za ndege. Mnasemaje?

#19 Maalim_wa_Ndege
Si kweli. Waulize wakulima wa mpunga kule Mto Tana. Mpunga ukianza kukomaa watoto wanashinda shambani kuamia ndege, na ndege hao hula mbichi, na ganda lake, na hakuna anayepasuka. Uza chenga zako.

Cha kuogopa ni chumvi. Mkate, bisi za dukani, wali uliokolea chumvi, ndege mdogo hauwezi. Na machicha ya Bint_Mkomani ni mazuri yakiwa mabichi, lakini yale yaliyokaushwa yanafura tumboni, bora kuyaacha. Mabichi nayo yasilale. Kwa joto letu adhuhuri yamechacha.

#20 Bint_Mkomani
Nakuna nazi asubuhi, yakifika adhuhuri nayatoa. Kuku wa jirani wanamalizia.

#21 Duka_la_Nafaka
Kwa vile tumefika kwenye chakula, Mtama_Mweupe, huo mtama umeununua lini na umeuhifadhi wapi? Masika unyevu unaingia hata kwenye gunia lililofungwa. Chukua konzi moja uinuse. Ukiona harufu ya udongo uliofungiwa, au punje zimeshikana na zina unga wa kijanikijani, hiyo ni kuvu, na sumu ya kuvu inakula ini la ndege kama inavyokula la mtu. Wateja wangu wa kuku nawaambia kila mwaka.  Huenda ndege akaonja siku moja asirudi tena.

#22 Mtama_Mweupe
Mtama uko kwenye debe lenye kifuniko, nimeunusa sasa hivi, ni mkavu. Ila kibao chenyewe, kusema kweli, kimefanya weusi pembeni na mavi yamegandamana.

#23 Jicho_la_Mida
Hilo lisipite hivi hivi. Kule Uingereza, ambako kulisha ndege uani ni mazoea ya mamilioni ya watu, kuanzia mwaka 2005 ulizuka ugonjwa wa vidudu vya kooni miongoni mwa ndege wa kijani wa jamii ya chiriku. Ndege anashindwa kumeza, anakaa amejivimbisha manyoya, mate yanamtoka, anakufa. Wamepungua sana mpaka leo. Unaambukizwa kwa mate kwenye chakula na maji, na pale ndege wengi wanapokula sahani moja ndipo unapokimbia. Vidudu hivyo asili yake hasa ni njiwa na tetere. Marekani nako ulitokea ugonjwa wa macho mwaka 1994, ndege wa uani wakivimba macho mpaka hawaoni.

Sisemi ndio umefika Barani. Nasema kisugue kibao kwa maji na jiki, kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji, kisuuze, kikauke juani kabisa ndipo uweke chakula. Na ukiona tetere amezubaa, hakimbii hata ukimkaribia, simamisha chakula chote wiki mbili tatu ili watawanyike.

#24 Mzee_wa_Sabaki
Wanangu, nimewasoma wote na hakuna aliyemtaja kozi. Kaa chini ya huo mwarobaini utafute manyoya. Ukiyaona yametapakaa duara moja, ya manjano, mengi kwa pamoja, jua kozi amekula hapo. Paka hafanyi hivyo, paka anabeba. Kozi huvizia ndani ya majani ya mwembe, hatikisiki, kisha anashuka mara moja. Akikamata hapo mara mbili tatu, mnana wote wa mtaa hukihama kibao. Tetere huyo anakaa, ni mzito wa kufahamu.

#25 Mama_Nyasi
Mzee wangu shikamoo. Lakini kozi angekuwepo shorewanda nao wangekimbia, na mwenye uzi amesema wapo.

#26 Mzee_wa_Sabaki
Marahaba mwanangu. Shorewanda ni mlinzi. Anapiga kelele kabla kozi hajajikunjua, na anajua kujichimbia kichakani. Mnana akishainamia punje haoni mengine.

#27 Mtama_Mweupe
Nimetoka na tochi. Manyoya yapo, ila ni ya kijivu.

#28 Nahodha_Shela
Ya tetere hayo. Paka!

#29 Mzee_wa_Sabaki
Kozi anakula tetere pia, nahodha.

#30 Dereva_wa_Maweni
Mimi niulize lingine. Kuna mnana mmoja dume anashambulia vioo vya tuktuk yangu kila nikiegesha kituoni chini ya mti wa mkungu. Anagonga, anachafua kioo, anarudi tena. Abiria wanamcheka. Nimevivika soksi vioo vyote viwili. Huyu ana nini?

#31 Jicho_la_Mida
Anaiona sura yake akidhani ni dume mwingine amekuja kumpora eneo. Ana kiota karibu. Soksi ni dawa nzuri, wiki kadhaa atatulia. Na hii iwafikie wenye nyumba za vioo vikubwa kule Casuarina: kibao cha chakula kiwe karibu sana na kioo, chini ya mita 1, ili ndege akiruka asipate kasi ya kujiumiza, au kiwe mbali, zaidi ya mita 10. Katikati ya hapo ndipo wanapovunjika shingo.

#32 Mtama_Mweupe
Dirisha la jikoni liko kama mita 4 kutoka kibaoni. Lina wavu wa mbu lakini kwa nje ni kioo. Sasa nami nimepata la kufikiri usiku huu.

#33 Kijana_wa_Marafa
Nimechelewa. Je, yule mnana wetu wa Sokoke, asiyepatikana popote duniani ila kaunti ya Kilifi, anaweza kuja uani akiwekewa mtama?

#34 Jicho_la_Mida
Usimtarajie. Huyo ni wa miti mirefu ya msitu wa Arabuko-Sokoke na wa Dakatcha huko kwenu, anatembea kileleni kwa makundi akitafuta wadudu. Miaka mingi hakuna mtaalamu aliyejua anajenga wapi, mpaka mwaka 2013 viota vilipoonekana kwenye dimbwi lenye majani marefu huko huko Dakatcha. Wewe wa Marafa ndiye jirani yake hasa. Ukisikia miti hiyo inachomwa mkaa, ndege huyo anakosa makao, na hana msitu wa tatu wa kukimbilia.

#35 Kijana_wa_Marafa
Inachomwa, mkuu, moshi tunauona. Vijana wenzangu wengine wameingia kwenye ufugaji wa nyuki ili msitu ubaki. Tunasukuma hivyo hivyo.

#36 Maalim_wa_Ndege
Mwenyezi Mungu awatie nguvu. Na nyinyi wenye vibao msivunjike moyo. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Amesema kupanda. Mtama_Mweupe, hapo ilipokatwa minazi hupapati tena, lakini ukutani kwako pana nafasi ya mnazi mmoja.

#37 Mtama_Mweupe
Nafasi ipo, maalim. Kesho naulizia miche ya mnazi mfupi. Mke wangu bado anasema paka.

#38 Dafu_Baridi (Mambrui)
Mimi nataka chozi tu, yule ndege mnywa maji ya maua, mtama sina haja nao. Nimeona video wanaweka maji ya sukari kwenye chupa nyekundu na ndege anakunywa huku ameelea hewani. Nitie asali au sukari?

#39 Jicho_la_Mida
Anayeelea hivyo ni ndege wa Marekani, huku hayupo. Chozi wetu anapenda kushika tawi kwanza ndipo anywe, kwa hiyo chupa iwe na kijiti cha kukanyaga. Asali usitie, inachacha upesi na kuleta kuvu. Sukari nyeupe kipimo kimoja, maji manne, bila rangi yoyote, na kwa joto la Mambrui ubadilishe kila siku na kuosha chupa. Sisimizi nao watakuja, pakaza mafuta ya kupikia kwenye waya.

#40 Mama_Nyasi
Mafuta kwenye waya hapana! Ndege akigusa manyoya yanashikana. Weka kikopo kidogo cha maji katikati ya waya, sisimizi hawavuki.

#41 Jicho_la_Mida
Kikopo cha maji ni bora zaidi, naafiki.

#42 Bint_Mkomani
Dafu, ya nini taabu ya chupa? Panda. Kwetu mkomamanga wa uani ukitoa maua chozi hawaondoki, na mshubiri ukichanua wanashuka mpaka usawa wa mkono. Mishubiri inazaana sana, ninayo mpaka sina pa kuiweka. Ukipata mtu wa basi la Malindi niambie nikupe machipukizi, usimwagilie sana wiki ya kwanza.

#43 Dafu_Baridi
Shangazi yangu anarudi kutoka Amu Alhamisi. Nitamwambia apite Mkomani, mfungie kwenye gazeti.